Nimshukuruje jirani anayeniwekea maji mlangoni?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza katika kijiji kimoja wilayani Iramba, mkoani Singida. Huu ni mwaka wangu wa pili, na darasani nina watoto 112. Kisima kiko mbali. Tangu nifike, mama jirani yangu huniwekea mlangoni dumu la lita 20 la maji kabla sijaamka, na jioni mara nyingi huniletea bakuli la mlenda. Mwezi wa nne nilishindwa, nikafunga begi nirudi kwetu. Jioni hiyohiyo akapita na jembe begani, akasema: "Mwalimu, leo nimewasikia watoto wanasoma, sauti imefika mpaka shambani." Nikalifungua begi.

Mwezi uliopita mshahara ulipoingia nikampa shilingi 10,000. Akaiangalia ile noti, akaiweka juu ya kigoda, akaaga. Maji bado yanakuja, ila yeye hakai tena tukaongea. Na mwalimu mwenzangu ananiambia kupokea vitu vya wazazi ni kula rushwa. Nifanyeje?

Mwalimu wa darasa la kwanza, Iramba

JIBU

Marahaba, mwanangu.

La rushwa nalijibu kwanza maana ni jepesi. Kuku akiletwa wiki ya upimaji wa darasa la nne pamoja na maneno "usimsahau mwanangu", mrudishe siku hiyohiyo, kwa adabu. Lakini dumu la maji linaloletwa alfajiri, mwaka mzima, na mtu asiyekuomba chochote, huo ni ujirani. Hata kama ana mtoto darasani kwako, msahihishe mtoto wake kama wengine, basi.

Sasa ile noti. Nia yako ilikuwa njema, najua. Ila mpaka siku ile alikuwa mama yako wa hapo kijijini. Ulipompa hela akajiona amekuwa mchota maji, na mchota maji akishalipwa mnamalizana. Ndiyo maana hakai. Usimfuate na maelezo marefu juu ya hela hiyo. Nikuulize: bakuli lake la mlenda huwa unalirudishaje? Chombo cha jirani hakirudi tupu. Weka kipande cha sabuni, sukari kidogo, au nyanya mbili tatu ulizonunua gulioni. Hapo humlipi, unaujibu ujirani wake.

Jambo kubwa zaidi liko kwenye barua yako, nawe umelipita haraka. Yule mama anajua kwamba ulikuwa umefunga begi? Nadhani hajui. Alisema neno lake akaenda zake kupika, hana habari kwamba limewabakizia watoto 112 mwalimu wao. Mwambie. Wala usimwambie "asante kwa yote", maana "yote" hayashikiki. Mtajie jioni ile, jembe begani, na maneno aliyoyasema, kama ulivyonitajia mimi.

Nalisisitiza hili kwa sababu mimi nilichelewa. Niliingia ualimu 1977, mwaka ambao Serikali ilianza kutekeleza UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ili kila mtoto aende shule. Nilikuwa na miaka 16, elimu yangu darasa la saba, tukifundishwa ualimu huku tunafundisha. Wapo waliotudharau. Miaka iliyofuata Vita vya Kagera, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na ubao wangu ulikuwa umechujuka kiasi kwamba chaki haionekani. Kila shule ilipokaribia kufunguliwa, mzee mmoja asiyejua kusoma alikuja na mfuko wa betri za redio zilizokwisha. Alizivunja kwa jiwe, akatwanga ule weusi wa ndani pamoja na majani ya viazi vitamu, kisha akaupaka ubao kwa kitambaa, mstari kwa mstari, mpaka pembeni. Vidole vyake vilikaa vyeusi wiki nzima. Akimaliza alirudi nyuma hatua mbili na kusema, "Haya Mwalimu, andika." Yeye ndiye mtu mzima wa kwanza kuniita Mwalimu.

Nilidhani ametumwa na kamati ya shule, kwa hiyo sikusema kitu. Nilipohamishwa niliondoka bila kumuaga. Niliporudi 1996 nilimkuta mkewe tu. Akaniambia hakutumwa na mtu; betri zile alikuwa akiziomba nyumba kwa nyumba. Nilimshukuru mama yule nikiwa nimepiga magoti, lakini mwenye shukrani yake hakuwepo kuisikia, na mpaka leo inaniuma.

Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inaadhimishwa tangu 1994. Siku hiyo sisi ndio tunaoshukuriwa. Mwombe mwalimu mkuu dakika tano kwenye kikao cha wazazi kilicho karibu nayo, usimame uwataje wanaokubeba: mama wa maji, na mpika uji, maana bila uji wake watoto wako wangesinzia saa nne. Mtaje kila mmoja kwa kitu alichokifanya. Habari ya begi iache. Hiyo ni yenu wawili.

Jumamosi hii amka mapema kuliko yeye. Chukua ndoo yako, umsubiri nje, mwende kisimani pamoja. Umesema ni mbali, kwa hiyo mtapata muda wa kutosha wa kuongea.