Mwanangu, kengele ndiyo breki?

Ilikuwa masika, mvua imetoka kukatika, nami nashuka kwa baiskeli kutoka upande wa hospitali ya KCMC kuja mjini Moshi. Malori yakanibana, nikapanda njia ya waenda kwa miguu. Mbele yangu mama mmoja, beseni la ndizi mbivu kichwani. Nikapiga kengele. Nilitegemea aende kushoto. Akarukia kulia, kulekule nilikoelekea. Nikakamata breki, zikateleza tu. Phoenix yangu ni ya zamani, breki zake hubana rimu, na rimu ikilowa baiskeli inaendelea na safari zake. Usukani ukamkwaruza kiwiko, ndizi zikatapakaa hadi mtaroni.

"Mwanangu," akaniuliza huku akiokota, "kengele ndiyo breki?"

Ndizi nililipa. Swali lake nimebaki nalo.

Mtu akipigiwa kengele mgongoni hushtuka, na aliyeshtuka hajui sauti imetokea upande gani. Siku hizi natumia mdomo. Nikiwa hatua kumi hivi nyuma nasema, "Samahani mama, napita kulia kwako." Anajua nilipo, anashika njia yake. Mwendo nao uwe wa wanaotembea, maana wewe ndiye mgeni pale. Ukiona kwa mwendo huo unayumba, shuka usukume. Mvua ikinyesha, bana breki kidogokidogo mapema ili rimu ikauke kabla hujaihitaji.

Kwa mafundi cherehani wa katikati ya mji sipandi kabisa. Mteja anapimwa suruali huku akirudi kinyumenyume, mtoto kachuchumaa anaokota vipande vya kitenge, pasi ya mkaa iko chini inapoa. Kusukuma pale ni dakika mbili tu.

Nanyi mnaotembea, mkisikia baiskeli nyuma msiruke. Endeleeni mlivyokuwa mnaenda, mwenye baiskeli ndiye awakwepe. Mtoto mshike upande wa ukuta. Kama unasikiliza muziki, acha sikio moja wazi.

Bodaboda wanaopanda huko kukwepa foleni sina ushauri nao. Washuke tu.

Yule mama bado napishana naye asubuhi. Nikisema, "Shikamoo mama, napita kulia," anajibu, "Marahaba, pita," wala hageuki, beseni limetulia kichwani.