Ukigeuza gari kabla ya kizuizi cha polisi, umevunja sheria?

SWALI: Habari za kazi. Mimi naishi California, juzi usiku natoka job nikaona mbele bango linasema kuna kizuizi, polisi wanapima ulevi, na foleni ndefu balaa. Nikakata kona nikapita njia nyingine. Pombe sigusi kabisa, ni uchovu tu. Sasa washkaji ninaokaa nao wananiambia ukikwepa kizuizi ni kama umekiri umelewa, yani polisi ana haki ya kukukamata hapohapo. Ni kweli? – Mchovu wa Shifti

JIBU: Ndugu Mchovu, washkaji wamekutisha bure, kwa hapo California at least.

Mahakama ya Juu ya jimbo lenu iliruhusu vizuizi hivi mwaka 1987, kesi ya Ingersoll dhidi ya Palmer, lakini kwa masharti: wapange wakubwa wa polisi na sio askari kwa kujisikia kwake, magari yachaguliwe kwa utaratibu usio na upendeleo, na watu wasicheleweshwe bila sababu. Kwenye kesi ileile bango lilikuwa limewekwa mapema, dereva akitaka anakata kona, na askari walishaelekezwa wasimsimamishe mtu eti kwa sababu tu amekwepa.

Ila sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wananaswa. Mara nyingi kuna askari amekaa pembeni na gari au pikipiki anawatazama nyie mnaogeuka, anachosubiri ni kosa tu. Umegeuza bila indiketa, au umegeuzia katikati ya eneo la biashara ambako sheria inataka ufanye hivyo kwenye makutano au kwenye uwazi ulioachwa katikati ya barabara iliyogawanywa, au taa ya nyuma imekufa, basi umempa sababu halali ya kukusimamisha, na akishainama dirishani akasikia harufu ya pombe habari ni nyingine kabisa.

Na ukishaingia kwenye ile foleni ukaoneshwa usimame, simama, hapo sio hiari. Kile kipimo cha awali cha kupuliza, kabla hujakamatwa, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye kwenye kifungo cha nje cha kesi ya ulevi anaweza kukikataa. Lakini ukishakamatwa kihalali kwa kosa la ulevi ukagoma kupima, leseni inasimamishwa mwaka 1 hata kama ni mara yako ya kwanza, na wengi hawatofautishi vipimo hivi viwili, wanagoma palipo pabaya.

Ukihamia jimbo lingine usibebe jibu hili kama lilivyo. North Carolina mahakama ilisema mwaka 2000 kwamba kugeuka ghafla karibu na kizuizi, hata kama umegeuka kihalali, kunaweza kumpa askari sababu ya kukufuatilia. Pennsylvania mwaka 1999 wakasema kugeuka kihalali peke yake hakutoshi. Na Michigan ndio kituko: kesi yao ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1990, vizuizi vikapita, halafu miaka 3 baadaye mahakama ya jimbo lenyewe ikavikataa kwa kutumia katiba yao. Texas nao hawaviweki.

Wewe kwa ulichoeleza hapa, kama uligeuza vizuri, huna kesi.