Wapanda farasi wazito wa Hungaria: hayo mabawa yatoe kwanza

Mkuu, umeuliza kama boksi la sanamu ndogo za wale hussar (askari wapanda farasi) wa Poland wenye mabawa linafaa kwa jeshi lako la sanamu la Hungaria, vita ile ya 1593 hadi 1606 na Waturuki. Kwa jinsi lilivyo halifai, ila kama ushalinunua usilitupe, linarekebishika.

Cha kwanza ni mwaka, maana hapo ndo watu wanachanganya mambo. Ukitaka ile vita ya Mohács ya 1526, Wahungaria na Waturuki, wale wazito (yaani wa deraya nzito) wa Hungaria walikuwa bado wanavaa chuma mwili mzima kama wenzao wa Ujerumani, kwa hiyo sanamu za Kijerumani za miaka ile zinaingia bila shida, na hussar wa wakati huo ni mwepesi, ana ngao na mkuki basi. Ukifika miaka ya 1590 hussar mwenyewe ndo kashakuwa mzito: deraya ya pete za chuma, au kifuani mabamba yaliyopandana, na kofia ya chuma ya mtindo wa Kituruki yenye kipande cha kushuka puani, vya kufunika mashavu na mkia wa vipande vipande unaolinda shingo. Wale wa kofia za manyoya wa karne ya 18 hata wakiwa bei chee achana nao, hao ni habari nyingine kabisa.

Mimi boksi lolote naangalia ngao kabla ya kitu kingine. Ya Kihungaria kona yake moja imepanda juu imechongoka, inamkinga mtu kichwa na shingo kwa nyuma, na nyingi zilichorwa bawa la tai. Wapolandi waliacha ngao enzi za mfalme wao Báthory (ambaye naye katokea Transylvania, si unaona), ndo maana kwenye boksi lako huzikuti.

Sasa sanamu zangu za kimo cha milimita 28 nilikata mabawa na kisu, matundu nikaziba kwa puti, ngao nikazikata kwenye kadi ya benki iliyoisha muda nikaikunja kidogo kwa maji ya moto, inashika umbo vizuri tu. Halafu kuna ule upanga mrefu mwembamba wa kuchomea, unalala ubavuni mwa tandiko chini ya paja, wachongaji wengi wanausahau, pini ya kushonea inatosha. Angalia na miguu: hawa vikuku vyao vya kukanyagia kwenye tandiko vilifungwa vifupi, goti limekunjwa, sanamu iliyonyoosha miguu mbele ni ya knight (mpanda farasi wa deraya) wa Ulaya Magharibi hata uivishe nini. Farasi nao wasiwe majitu, na wasivalishwe chuma.

Mikuki ya plastiki usihangaike nayo, itapinda tu, weka waya wa chuma kabla hujagusa rangi na kibendera ukate kwenye karatasi ya sigara.