Maikrowevu ya jikoni kutengeneza chembe za nano: inawezekana, ila usiamini wati zilizoandikwa mlangoni

Mkuu mleta uzi umeuliza kama maikrowevu ya kupashia chakula inaweza kutengeneza chembe za nano (zile ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita) kwa projekti ya mwaka wa mwisho, na kwanini ukifuata pepa inayosema "wati 800, dakika 3" unga unatoka tofauti kila siku. Hilo swali la pili ndo limenifanya niandike, maana lilinila miezi mitano.

Mi nilikuwa natengeneza haidroksiapataiti, yale madini ya kwenye mfupa na meno, kwa ajili ya kutoa floridi kwenye maji. Nimekulia upande wa Meru, huko Ngarenanyuki kuna vyanzo vinapita miligramu 10 kwa lita wakati WHO wanasema mwisho 1.5, watoto wanakua na meno ya kahawia na wengine miguu inapinda, kwahiyo kwangu haikuwa projekti ya kutafuta maksi tu. Kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kutoa floridi kwenye maji, wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa miaka mingi na kinachofanya kazi mle ndani ni hayohayo madini, floridi inaingia inachukua nafasi ya haidroksaidi. Nikawaza chembe zikiwa ndogo zaidi eneo la kushika floridi linakuwa kubwa, basi nijaribu.

Kalisi nilipata bure, maganda ya mayai kwa muuza chipsi mayai. Unachemsha, unatoa ule utando wa ndani, unachoma kwenye tanuru nyuzi 900 masaa mawili mpaka yanakuwa meupe yanavunjika kwa vidole. Unayayeyusha kwa asidi ya naitriki, unadondoshea daiamonia fosfeti taratibu huku unakoroga, uwiano wa kalisi kwa fosforasi 1.67, pH unaipandisha 10 kwa amonia, alafu bika, ile glasi ya maabara, inaingia kwenye maikrowevu.

Kwanini maikrowevu na sio jiko la umeme? Angalia sufuria ya ugali, chini imeshashika ukoko juu bado mbichi, kwasababu joto linatoka kwenye chuma linapanda. Maikrowevu inashika molekuli za maji zenyewe, zina upande chanya na upande hasi, na ule uga wa umeme wa mawimbi unageuka na kurudi mara bilioni 2.45 kwa sekunde, molekuli zinajaribu kuufuata zinagongana ndo joto linazaliwa humohumo kwenye maji, kote karibu kwa pamoja. Sasa kwa fuwele hiyo ni kama kupanda shamba lote siku moja, mahindi yanalingana. Ukipasha polepole ni kama umepanda wiki tatu tofauti, ya kwanza yameshabeba wakati mengine yanachipua, unapata chembe kubwa na ndogo zimechanganyika.

Wapo watakaokwambia mawimbi yenyewe yana nguvu ya pekee ya kuvunja vifungo vya kemikali. Hapana. Fotoni ya maikrowevu, yani punje moja ya nishati ya hayo mawimbi, ina kama elektroni-volti 0.00001, kifungo cha kemikali kinataka elektroni-volti kadhaa. Kundi la mkemia Kappe kule Graz, Austria, mwaka 2009 walitumia vichupa vya silikoni kabaidi vinavyozuia mawimbi yasifike kwenye mchanganyiko lakini vinapata moto vilevile, majibu yakatoka yaleyale. Kwahiyo kinachofanya kazi ni joto, na kasi ya hilo joto kupanda. Hii ishike sana maana tatizo lako lote liko hapa: ukijua wati na dakika bado hujajua joto.

Sampo yangu ya kwanza ilitoka safi kabisa. Ya pili ikaja mbaya, ya tatu mbaya, nikalaumu maganda, nikalaumu asidi, nikanunua kemikali upya kwa hela yangu. Kumbe ile ya kwanza niliifanya saa nane mchana na zilizofuata usiku nikitoka vipindi, na usiku mtaani kwetu umeme ni mdogo, taa zenyewe unaziona zimefifia. Magnetroni, ile sehemu inayozalisha mawimbi, umeme ukishuka kidogo nguvu yake inashuka sana. Nilikuja kujua baada ya kupima, na kupima ni rahisi mno: weka lita moja ya maji, chukua joto lake, washa dakika 2 nguvu ya mwisho, koroga, pima tena, tofauti ya nyuzi zidisha kwa 35 unapata wati halisi zilizoingia kwenye maji. Yangu imeandikwa 800. Mchana maji yalipanda nyuzi 17, yani kama wati 595. Usiku nyuzi 13, wati 455! Nilivyoazima stabilaiza ya friji sampo zikaanza kufanana.

Kingine, ukiweka nguvu nusu usidhani inatoa nusu. Maikrowevu nyingi za jikoni, labda iwe ya invata inayopunguza nguvu yenyewe bila kuzima, zinawaka nguvu zote alafu zinazima, zinawaka, zinazima, kwahiyo kwa dakika 2 za kazi unaweza kuwa umekata mizunguko hovyo. Na ujazo usiubadilishe, mi nilihama kutoka mililita 50 kwenda 100 nikaacha dakika zilezile, joto likaja chini. Bika kaa nayo sehemu moja kwenye ile sahani inayozunguka, ndani kuna sehemu zina moto na zingine zimepoa. Ukizima pima joto palepale kwa kipimajoto cha spiriti, usikiache ndani ikiwa inawaka.

Ukitaka kupita nyuzi 100 bila kufunga chombo, kwa chembe za madini ya fedha au zinki oksaidi kwa mfano, tumia ethileni glaikoli, inachemka 197 na inakunywa mawimbi kuliko maji, inapanda haraka mno. Usifunge chupa ya kawaida humo ndani hata siku moja, itapasuka. Ethanoli pia usiweke, cheche moja tu na mvuke unawaka. Maji kwenye bika laini yanaweza kupita nyuzi 100 kimya bila povu alafu ukiyagusa yanaruka, mkono wangu wa kulia una alama mpaka leo, weka vipande vidogo vya kigae mle ndani. Na kama unafuata njia yangu ya naitreti ujue ndani ya maji yako kuna amonia naitreti, inayoweza kulipuka ikipata moto, osha unga mara tano sita kabla ya kukausha, na usikaushie kwenye maikrowevu kabisa. Hiyo mashine ikishaingia maabara chakula basi tena.

Uliuliza pia kusoma XRD, kile kipimo cha eksirei kinachoonyesha unga wako ni madini gani: kilele cha nyuzi 25.9 (nyuzi za pembe, sio za joto) na kile kikundi cha 31.8, 32.2 na 32.9 ndo haidroksiapataiti. Ukiona 29.4 hiyo ni kalsaiti, madini ya ganda la yai lenyewe. Ukiona 11.7 ni brashaiti, fosfeti nyingine ya kalisi, maana yake pH imeshuka, amonia imeruka wakati inachemka. Mi iliniletea shida hiyo mpaka nikawa napima pH kabla na baada, ikishuka chini ya 9 naongeza amonia narudisha sekunde 30. Ukipima saizi kwa fomula ya Scherrer, inayokadiria saizi ya fuwele kwa upana wa kilele, tumia hicho cha 25.9 kwasababu kimesimama peke yake, vile vitatu vinapandiana vitakudanganya upana.