Kadi za Kombe la Dunia: nunua wakati watu wako kimya

Nikisema kadi simaanishi ya njano wala nyekundu. Ni zile zenye picha za wachezaji, ambazo Wazungu wanazikusanya na kuuziana kwa bei ya kushangaza. Kampuni ya Panini ya Italia ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa mashindano ya Mexico, 1970. Mwaka huu wa 2026 kombe linarudi hukohuko Mexico, pamoja na Marekani na Kanada, timu 48, kuanzia Juni 11. Kwa hiyo naulizwa kila siku hapa Mtwara: ninunue nini sasa?

Sasa usinunue. Kama unazo, huu ndio mwaka wa kuuza.

Mtu wa Kusini hahitaji darasa refu. Mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela nje ya mnada, hapiti kijijini siku ya mnada, anapita korosho zikiwa bado mtini na mkulima ana shida. (Yake ni haramu na inaumiza watu, mimi naazima kalenda yake tu.) Bei za kadi huanza kupanda miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza, wakati watu wameshakumbuka kuwa kuna kombe. Mimi hununua Desemba au Januari, zaidi ya mwaka kabla, malipo ya korosho yakishaingia na ada za watoto zikishatoka. Isipobaki hela baada ya ada, mwaka huo sinunui.

Kuuza ndiko kugumu, kwa sababu moyo unakataa. Mchezaji wako amefunga mawili, simu inaita, unajiambia ngoja afike fainali. Mkumbuke James Rodríguez: 2014 kule Brazil alifunga mabao 6, akawa mfungaji bora, Real Madrid wakamchukua. Baada ya hapo akahama hama hadi Qatar. Schillaci naye, Italia 1990, mabao 6 na kiatu cha dhahabu, kisha kimya. Ukiniletea Mbappé wa 2018 nitakwambia wa namna ile ni mmoja kati ya wengi, na hata kadi zake zilipaa kipindi cha korona, soko lilipopoa 2022 zikashuka na nyingine. Mimi huuza mechi za makundi zikiendelea, kelele zikiwa juu.

Nunua washambuliaji vijana. Kipa anaweza kuibeba nchi, kama Emiliano Martínez wa Argentina 2022, lakini wanunuzi wa kadi wanapenda wafungaji. Na nunua kadi moja moja unayoiona. Pakiti iliyofungwa ukiifungua ni kubeti tu, bora hata mkeka, kwenye mkeka unachagua timu mwenyewe. Bei angalia mtandaoni, kwenye orodha ya kadi zilizokwisha kuuzwa. Anayeomba milioni anaweza kukaa na kadi yake mpaka azeeke.

Jambo ambalo washauri wa ng'ambo hawalisemi, kwa sababu haliwahusu, ni hewa ya huku. Ukikaa Shangani au Mikindani, unyevu wa bahari unaikunja kadi ya kung'aa kama jani kavu. Kampuni kama PSA ya Marekani hupima kadi kwa daraja la 1 hadi 10, na kona iliyochubuka kidogo tu inakushusha. Tia kadi kwenye mfuko laini wa plastiki, kisha kwenye kasha gumu, halafu kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usifunge kwa mpira. Usiifute kwa kitambaa. Watoto wasijue kopo liko wapi.

Kadi ya bei ndogo achana nayo, gharama ya kuifikisha kwa mnunuzi itaimeza. Zangu huondoka na shemeji yangu baharia, anazituma akiwa bandari za Ulaya. Kama huna mtu nje, tafuta kwanza mtu, kadi baadaye.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na najua mtataka kadi za Taifa Stars. Nunueni, hata mimi nitanunua, ila hizo niwekeeni fungu la mapenzi. Mnunuzi mwenye dola yuko Marekani, na anayemtafuta ni Mwafrika anayemwona kila wiki kwenye ligi za Ulaya.