Kila mwezi nasubiri majibu ya mimba, nachanganyikiwa

SWALI: Anti shikamoo. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, sasa zile wiki mbili kabla ya siku zangu huwa siishi kabisa. Nikiamka tu najibonyeza matiti kama yanauma, nikisikia kichefuchefu kidogo moyo unapiga paa, usiku niko kwenye simu natafuta dalili. Napima mapema, ukija mstari mmoja nakipeleka kipimo dirishani nakigeuzageuza labda wa pili upo ila umefifia. Mume wangu simwambii maana sitaki kumpa matumaini bure. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hicho kipindi kinachosha jamani.

Kwanza yaache hayo matiti. Yai likishatoka mwili unamwaga homoni ya projesteroni kwa wingi, mimba iwepo isiwepo, na ndiyo hiyohiyo inayojaza matiti, inayoleta uchovu, tumbo kujaa na machozi ya karibu, kwa hiyo unaweza kujichunguza kutwa nzima na bado usijue kitu. Hata hiyo simu haijui. Homoni ambayo kipimo kinaitafuta haianzi kutoka mpaka mimba ijishike kwenye mfuko wa uzazi, mara nyingi ni siku ya 6 mpaka ya 10 baada ya yai kutoka, halafu inataka siku kadhaa iongezeke, ndo maana ukipima mapema unaweza kuona mstari mmoja na mimba ipo, ukalia bure. Subiri siku ya hedhi ipite, pima mkojo wa asubuhi, soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye boksi basi, kikishakauka kinaweza kuonyesha kivuli cha mstari kikakuvuruga zaidi. Na kama hospitali walikuchoma sindano ya kupevusha mayai waulize upime lini, maana nyingine zinaleta mistari miwili zenyewe.

Ila kinachoniuma kwenye barua yako ni hapo kwa mume. Unamkinga yeye halafu wewe unabeba peke yako kila mwezi, na yeye pengine naye anahesabu kimyakimya. Mwambie leo, "nasubiri, naogopa." Pangeni siku ya kupima, vipimo akae navyo yeye, siku hiyo muwe wote. Na wale wanaokuuliza "vipi bado?" hudaiwi jibu, badilisha stori.

Hedhi ikija, lia, wala usijikaze mbele ya mumeo. Ila mtu asikwambie mimba imekataa sababu unawaza sana, hilo usilibebe kabisa.

Wenzi wengi wanapata ndani ya mwaka mmoja wakikutana mara kwa mara bila kinga, ukipita bado, au miezi 6 kama umefika miaka 35, muende kwa daktari wote wawili, maana tatizo linaweza kuwa kwa yeyote. Na hedhi ikichelewa halafu ukapata maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au kizunguzungu na damu, usisubiri kipimo wala asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo.