Piano hupigwa au huchezwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasaidia kuandaa karatasi ya ratiba ya onyesho dogo la piano hapa Dar es Salaam. Muziki wenyewe ni wa Kifaransa uliotokana na dansi: Ravel, Debussy na Chabrier. Niliandika hivi: "Mpiga piano atacheza pavani, sarabandi, minueti na valsi." Mwenzangu amekataa, anasema piano hupigwa. Mimi naona kupiga ni kwa ngoma na tarumbeta. Muziki laini kiasi hiki utapigwaje? Na jambo la pili: hizo pavani na minueti tuziite ngoma au dansi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na sentensi yako mwenyewe inamuunga mkono. Umemwita msanii "mpiga piano", kisha ukampa kitenzi "atacheza". Mbona hukuandika "mcheza piano"? Sikio lako lilikataa. Ungelifuata hilo sikio mpaka kwenye nukta, tusingekuwa na swali.

Kiswahili kiligawa kazi hizi mbili zamani sana. Ala hupigwa, mwili hucheza. Uwanja ni uleule, ngoma ni ileile, lakini mmoja anaipiga na mwingine anaicheza, na hata mtoto mdogo hachanganyi. Hii "kucheza gitaa" na "kucheza piano" tunayoisikia siku hizi imetokana na Kiingereza, chenye kitenzi kimoja kwa mpira na kwa ala. Mwingereza hapati hasara yoyote, maana kudansi ana kitenzi chake kingine. Sisi kucheza ndiko kudansi. Tukikitoa kitenzi hiki kwa mpiga kinanda, mchezaji tunamwachia nini?

Kwenye mazungumzo ya kawaida hasara hiyo ni ndogo, kwa sababu msikilizaji ataelewa tu. Kwenye muziki wako ni kubwa. Chukua zile valsi za Ravel zinazoitwa Valses nobles et sentimentales. Louis Aubert alizipiga kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1911, katika onyesho ambalo majina ya watunzi yalifichwa na wasikilizaji wakaachiwa kazi ya kubahatisha nani katunga nini. Mwaka uliofuata Ravel akazipangia okestra, zikawa muziki wa baleti iliyoitwa Adélaïde, wakapanda jukwaani wachezaji wenye viatu vya kuchezea. Kwa Kiswahili habari yote hiyo inaingia katika maneno mawili na tarakimu zake: zilipigwa 1911, zikachezwa 1912. Sasa jaribu kuisema kwa "kucheza" peke yake. Zilichezwa, kisha zikachezwa.

Mfano wa pili unauma zaidi. Kati ya 1914 na 1917 Ravel alitunga mfululizo wa vipande sita vya piano, Le Tombeau de Couperin, akakitoa kila kipande kwa kumbukumbu ya marafiki waliouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani yake mna forlani, rigodoni na minueti, dansi tatu za zamani. Kipande cha mwisho kilikumbuka askari Joseph de Marliave, na aliyeutambulisha mfululizo huo kwa watu mwaka 1919 alikuwa mjane wake, Marguerite Long, mpiga piano mashuhuri. Ukiandika kwamba Long "alicheza minueti na rigodoni", msomaji wa Kiswahili aliye makini atamwona mama wa watu akizunguka ukumbini kwenye kumbukumbu ya mumewe. Alizipiga. Waliozicheza ni kundi la Ballets suédois, mwaka 1920, baada ya sehemu kadhaa kupangiwa okestra.

Nije kwenye hoja yako ya ulaini, maana naiheshimu. Unahisi kupiga kuna nguvu, kuna kofi ndani yake. Lakini tazama tunavyokitumia kitenzi hiki: tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga mswaki. Filimbi hupulizwa, na bado tunasema anapiga filimbi. Zeze husuguliwa kwa upote, na bado hupigwa. Couperin mwenyewe, mtunzi wa Kifaransa aliyefariki 1733, alitunga kwa ajili ya clavecin, kinanda cha kale ambacho hakina nyundo; ukibonyeza kitufe, kijino kidogo huinua uzi na kuuachia. Nacho kwa Kiswahili hupigwa. Kitenzi hiki kikishakutana na ala hakipimi nguvu ya mkono, kinataja tu kwamba mtu ameifanya itoe sauti. Na kama ni suala la ukweli wa mambo, fungua kifuniko cha piano yoyote utaona nyundo zimepangwa humo ndani, zinazogonga nyuzi hata pale unaposikia sarabandi ya Debussy iliyo laini kuliko zote.

Ukitaka neno la adabu zaidi kwa ajili ya karatasi, lipo "kutumbuiza". Asili yake ni kuliwaza na kubembeleza kwa wimbo, kwa hiyo linakaa vizuri sana na Gymnopédies za 1888 za Satie, Mfaransa mwingine, ambazo zinakwenda taratibu kama mtu asiye na pa kuwahi. Kwa Bourrée fantasque ya Chabrier, yenye vidole vinavyokimbizana toka mwanzo, nisingelitumia. Na ujihadhari na "kuchezea". "Anachezea piano" ni mtoto wa jirani aliyekuta mlango wazi.

Kuna faida nyingine ya kuvitenganisha vitenzi hivi, nayo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote: kauli ya kutendeka. Wimbo unaweza kupigika usichezeke. Debussy alitunga valsi mwaka 1910 akaiita La plus que lente, jina linalodai kwamba ina upole kupita upole wenyewe. Mwendo wake unavutwa, unaachiwa, unavutwa tena, na wawili walioshikana viunoni wangekanyagana kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Inapigika, haichezeki. Vivyo hivyo Pavane pour une infante défunte, yaani pavani ya binti mfalme aliyefariki, ambayo Ravel aliitunga 1899. Pavani ilikuwa dansi ya maandamano ya taratibu katika makasri ya Ulaya ya karne ya 16. Ravel alieleza kwamba hakuwa akimlilia mtoto aliyekufa. Aliwaza pavani ambayo binti mdogo wa mfalme angeweza kuicheza zamani katika kasri la Hispania. Angeicheza yeye, sisi tunapigiwa. Muziki huu wote umekaa katika pengo hilo, na lugha yetu ina maneno ya kulionyesha, kwa hiyo sioni sababu ya kulifukia.

Sasa ngoma au dansi. (Wasomaji wa Kenya wataandika densi, nao hawajakosea.) Katika miji yetu dansi ilikuja na ukumbi, bendi, suti na watu wawili wawili, na valsi yenyewe ilikuwemo. Kwa hiyo valsi ni dansi bila ubishi, na minueti, iliyotamba katika kasri la mfalme Louis XIV wa Ufaransa, naiweka hapo hapo. Pavani na sarabandi nazo dansi. Ngoma kwetu ina jamii nyuma yake: ina kijiji, ina msimu, ina wenyewe. Ndiyo maana nasita ninapofika kwa Chabrier. Yeye alizaliwa Ambert, katika eneo la milima la Auvergne, na bourrée ni mchezo wa wanakijiji wa huko, wenye kukita miguu chini. Hiyo ningeiita ngoma ya Auvergne bila kuona haya. Rigodoni nayo ilianzia kwa watu wa kusini mwa Ufaransa kabla haijapanda hadi kwa wakubwa, kwa hiyo inategemea unaisimulia ikiwa imefika wapi.

Vijana watakuambia kila wimbo ni ngoma: "ametoa ngoma mpya", hata kama ni wimbo wa kusikiliza kwenye simu umelala. Wazee wenzangu hulalamika. Mimi naona neno limepita njia ileile iliyopitwa na sarabandi, iliyoanza ikiwa jina la mchezo wa miguu, ikaishia kuwa kipande cha kusikiliza umekaa kitini. Kwenye ratiba rasmi, hata hivyo, usiandike hivyo, utawachanganya wageni.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Mpiga piano atatupigia pavani, sarabandi, minueti na valsi, dansi za kale zilizogeuzwa muziki wa kusikiliza." Nimeongeza -tu- na kauli ya kutendea kwa sababu wasikilizaji nao wamo ukumbini. Nomino hizi zote zinakwenda na ngeli ya I-ZI: valsi hii, valsi hizi, "mavalsi" niondolee. Majina ya kazi zenyewe yaache kwa Kifaransa kama watunzi walivyoyaandika, ila majina ya dansi yanapotajwa kwa jumla yavalishe irabu zetu: gavoti, minueti, rigodoni. Isipokuwa bourrée. Hiyo iache ilivyo, au andika burei kama ni lazima, kwa sababu ukiiandika "bure" juu ya karatasi ya ratiba, watu watakuja mlangoni bila kiingilio.